Kurudisha kuwe rahisi kuliko kumwaga

Saa moja na robo usiku. Maji ya kuoga yamechemka, na mtu ameinua ndoo kutoka jikoni kuelekea bafuni. Umeme umekatika sasa hivi. Akiwa katikati ya sebule anakanyaga kigari cha plastiki, na magurudumu yanafanya kazi yake juu ya vigae: yanateleza.

Mara nyingi ndoo haimwagiki. Mtu anapepesuka, anashika ukuta, anatulia. Kisha linakuja lile swali la kila jioni: "Nimewaambia mara ngapi?"

Pengine mara mia.

Ni hiyo mara mia iliyonikaa kichwani wiki kadhaa hizi. Jambo likisemwa mara mia, nyumba hii na ile, kwa watoto wa kila tabia, na bado vigari viko njiani, basi kasoro haiko kwenye masikio ya watoto. Iko mahali pengine, na nadhani inaweza kupimwa.

## Dakika ishirini zinakwenda wapi

Chukua nyumba yenye watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa sita. Tuseme kukusanya vichezeo kunachukua dakika 20 kila jioni. Kwa mwaka hizo ni dakika 7,300, yaani saa 121 na ushee. Zigawe kwa siku ya kazi ya saa 8 utapata siku 15. Mara nyingi siku hizo zinatoka kwa mama, au kwa dada wa kazi ambaye bado ana vyombo vya kuosha na sare za kupiga pasi.

Sasa fuatilia kipande kimoja tu. Tofali dogo jekundu la kuchezea liko chini ya kochi. Kuliokota ni sekunde mbili. Boksi lake liko juu ya kabati, chini ya begi la nguo za baridi. Shusha begi, shusha boksi, fungua kifuniko, tumbukiza, funga, pandisha boksi, pandisha begi. Matendo saba, mbali na kuinama.

Mtoto alipotoa alifanya tendo moja: alipindua.

Muda hauliwi na kuokota. Unaliwa na kuamua kitu kiende wapi, na kuhamisha vingine ili hiki kipate njia. Kwa hiyo, kabla ya kumgombeza mtu yeyote, kipimo ninachokiamini ni hiki: kurudisha kusizidi matendo mawili, kuokota na kutumbukiza. Kifuniko ni tendo la tatu. Droo inayokwama ni la nne. Chombo kinachodai matendo manne kitarudishiwa vitu siku mbili za kwanza, kisha basi.

Kwa watoto walio chini ya miaka saba, vifuniko viondolewe. Vumbi litaingia, ndiyo. Kufuta vumbi mara moja kwa wiki ni nafuu kuliko kubembeleza mtu kila jioni.

## Matofali na khanga kuukuu

Matofali ya kuunganisha, yawe ya Lego au ya kuiga, ndiyo yanayomaliza watu. Kipande cha kawaida cha vifundo nane kina urefu wa milimita 32 hivi na upana wa 16, na vipo vidogo zaidi ya hapo. Seti ya vipande 200 ikimwagika, na mkono ukiokota vinne kwa mara moja, mtu atainama mara 50.

Dawa yake iko ndani ya nyumba nyingi tayari. Khanga moja ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110. Itandike sakafuni, weka beseni la matofali katikati, na sheria iwe moja: matofali hayatoki nje ya khanga. Mchezo ukiisha, watu wawili wanashika pembe nne na kuinua. Vipande vyote vinateremkia katikati. Mimina kwenye beseni. Nusu dakika imetosha.

Kuna mambo yanayoharibu mpango huu, na yote yana sababu zake.

La kwanza ni khanga mpya. Ina dondo, ni ngumu, na inatembea juu ya vigae mtoto akikaa. Ifuliwe mara mbili tatu, au itandikwe juu ya mkeka.

La pili ni chombo, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunachagua ndoo ndefu kwa sababu inakula nafasi ndogo. Lakini mtoto anayetafuta gurudumu lililo chini ya ndoo ya lita 20 hana namna nyingine: lazima apindue. Ndoo ndefu inafundisha kumwaga, kila siku, bila kuchoka. Tumia beseni pana la sentimita 45 hadi 50, kina kisizidi 15, na lijazwe nusu tu. Mkono unachambua, macho yanaona, na sehemu kubwa ya vipande inabaki humo humo bila kutoka. Kama matofali yamezidi beseni moja, yanayozidi yasiwe ndani ya beseni la pili kando yake. Yaondoke sebuleni kabisa. Nitarudi huko.

La tatu ni ugomvi. Watoto wawili juu ya khanga moja watagombania katikati. Doti ina khanga mbili, kila mtu achukue ya kwake.

Wapo wanaotaka kushonewa mfuko wa duara unaofungwa kwa kamba. Kwa kitenge chenye upana wa sentimita 115, duara la kipenyo cha 105 linatosha. Mwambie fundi asipinde ukingo moja kwa moja, kwa sababu upindo wa duara hukunjamana. Ashone ukanda uliokatwa mshazari, upana sentimita 6, akiukunja katikati uwe njia ya kamba. Ziwe kamba mbili za nailoni za milimita 5, kila moja mita 4, zote zizunguke duara zima lakini zitokee pande zinazotazamana. Kamba moja tu huvuta upande mmoja na kukwama. Choma ncha kwa kiberiti zisichakae.

Ni kitu kizuri. Ila nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitatu, mita 8 za kamba zilizoachwa sakafuni ni hatari ya shingo. Hapo khanga ya kawaida inashinda, na haina gharama.

## Je, tunawanyang'anya?

Hatua inayofuata ndiyo inayoleta shaka. Vichezeo vinapaswa kupungua mbele ya macho. Mzazi aliyekulia na mpira wa matambara na gari la waya anaona uchungu kumfichia mtoto wake kile ambacho yeye hakukipata.

Nimelifikiria sana hilo gari la waya. Halikujaza nyumba, lakini si kwa sababu watoto wa zamani walikuwa na adabu zaidi. Lilikaa nje, lilikuwa moja, na likichoka waya wake ulitengeneza kingine. Plastiki haifanyi hivyo. Haiozi, haifumuliwi, na kila sikukuu inaongezeka. Tumebadilisha aina ya vitu bila kubadilisha namna ya kuvitunza.

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, huko Ohio, Marekani, walichapisha matokeo ya jambo dogo na safi: waliwaangalia watoto wadogo 36 wakicheza, mara moja wakiwa na vichezeo 4, mara nyingine wakiwa na 16. Kwenye 4, watoto walikaa na kila kichezeo muda mrefu zaidi na wakakitumia kwa njia nyingi zaidi. Kwenye 16 walirukaruka.

Hilo halisemi nyumba iwe na vichezeo vinne. Ule ulikuwa mchezo wa muda mfupi katika chumba cha utafiti. Lakini linaondoa ile hofu ya kwamba kupunguza ni kudhulumu. Kwa watoto wawili, vichezeo 10 hadi 12 vikiwa nje kwa wakati mmoja vinatosha kabisa, seti nzima ikihesabiwa kama kimoja.

Vingine vinapumzika. Namna ya kufanya:

Gawanya kila kitu mafungu matatu. Usiweke magari yote fungu moja na wanasesere wote fungu jingine; likija zamu fungu la magari, anayependa kupika chakula cha kuigiza atakaa wiki mbili bila kazi. Kila fungu liwe na cha kujengea, cha kuigizia maisha, cha kusukuma au kurusha, na cha kutulia nacho, kama vile kitabu au picha ya vipande vya kuunganisha. Mafungu mawili yaingie kwenye mabegi, yakiwa na kipande cha tepu ya karatasi kilichoandikwa tarehe. Badilisha kila baada ya wiki mbili, Jumapili, watoto wakiwa wamelala au nje. Dakika 15.

Kinacholaliwa nacho hakiingii zamu kamwe. Mdoli aliyepasuka jicho lakini mtoto hawezi kulala bila yeye, huyo ni mtu wa nyumbani.

Mtoto akikumbuka kitu kilichofungwa na kukitaka, usigome. Mpe, naye atoe kimoja kiingie kwenye begi. Bila huko kubadilishana, ndani ya mwezi mabegi yote yatakuwa sebuleni tena.

## Maneno matano ya hospitali

Nilipofika hapa nikagundua kwamba fikra hii ina jina, na kwamba watu wengi Tanzania wameikuta kazini. Wahudumu wa afya wanaifahamu kama 5S: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Asili yake ni viwanda vya Japani. Ilipitia hospitali ya Castle Street, Colombo, nchini Sri Lanka, na hospitali ya rufaa ya Mbeya ikawa ya mwanzo kuijaribu Tanzania, mwaka 2007, kwa msaada wa JICA, shirika la Japani la misaada ya maendeleo.

Hospitalini shida haikuwa uzuri wa rafu. Ilikuwa dakika za kutafuta. Muuguzi anayetafuta mkasi si muuguzi anayehudumia, na mzazi anayetafuta kipande cha gurudumu mtoto akilia hana tofauti naye.

Neno la kwanza ndilo gumu na ndilo linalorukwa. Watu hukimbilia kununua makasha yenye rangi nzuri, kisha wanapanga ndani yake takataka. Sasambua kwanza. Tandika shuka, mwaga kila kichezeo cha nyumba nzima, vya chini ya vitanda na vya kwenye gari pia. Yatenge makundi matatu: kinachochezwa, kilichoharibika, kilichopitwa na umri. Kwa watoto wawili tenga saa mbili na nusu, na ianze asubuhi.

Wakati huo huo vipo vitu vya kutoa bila mjadala. Kichezeo cha sauti ambacho kifuniko cha betri hakina skrubu kitoke siku hiyo hiyo. Betri bapa kama CR2032, yenye kipenyo cha milimita 20, ikikwama kwenye umio wa mtoto inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata kama ilikuwa imechoka na haiwashi tena kichezeo. Sumaku ndogo zenye nguvu nazo zitoke: mbili zikimezwa hushikana zikiwa zimebana utumbo katikati na kuutoboa.

Nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitatu ipime udogo wa vipande. Kifaa rasmi cha kupimia ni silinda ya kipenyo cha milimita 31.7, nyumbani tumia kiini cha karatasi ya chooni, chenye upana wa sentimita 4 hivi. Kinachopita ndani yake kichezewe mezani, si sakafuni, au mdogo akiwa amelala.

Neno la pili, Seti, ni kukipa kila kitu makao yanayoonekana. Makao yasizidi sita. Yakifika kumi, hata mtu mzima ataanza kukisia. Mtoto asiyejua kusoma anahitaji picha. Piga picha ya vigari, ichapishwe duka la stationery, ibandikwe mbele ya beseni, ifunikwe na solotepu pana ukingo hadi ukingo ili isinyonye maji. Picha iwe ya vigari vyenyewe, si gari zuri lililotolewa kwenye mtandao. Mtoto wa miaka mitatu analinganisha kile anachokiona na kile alichoshika.

Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitaliano, alifanya jambo la jirani na hili Januari 1907, alipofungua darasa la watoto wa vibarua mtaa wa San Lorenzo, Roma. Rafu katika madarasa yake ni fupi, kila kifaa kipo kimoja, na kila kimoja kina mahali pake. Anayekitaka wakati mwenzake anacho, anasubiri. Hiyo rafu fupi ina maana kubwa kuliko tunavyodhani: kwa mtoto wa miaka mitatu, rafu ya juu isizidi sentimita 70 kutoka sakafuni. Ya juu zaidi atapanda kama ngazi.

Na kwa sababu atajaribu hata ile ya 70, rafu ifungwe ukutani. Toboa kwa keekee ya milimita 8, ingiza plagi ya plastiki, funga kwa skrubu kupitia kipande cha chuma cha pembe, sehemu mbili. Fanicha isiyofungwa humwangukia mtoto anayevuta cha juu.

Chini ya kitanda nako ni makao mazuri, ila pima uwazi kabla ya kwenda dukani. Uwazi wa sentimita 20 unataka kasha lisilozidi 18, la sivyo litakwaruza chaga na mtoto ataliacha nje.

## Visivyo na kwao

Safisha haina mengi. Matofali yaoshwe kwa mkono, maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, sabuni kidogo, mswaki wa zamani, kisha yakauke kivulini juu ya taulo. Maji ya moto hupinda plastiki, na tofali lililopinda halishiki tena. Vichezeo vya kuogea vyenye tundu chini huota ukungu ndani kwa sababu maji hayatoki yote. Tundu lizibwe na gundi ya moto kabla ya kutumika mara ya kwanza. Vilivyokwisha kuota ukungu vitupwe. Vinavyobaki vining'inizwe bafuni ndani ya mfuko wa neti wa vitunguu, vichuruzike vyenyewe.

Sanifisha ni kufanya haya yote kwa namna ile ile kila mara. Shikilia, yaani kudumisha, ndiyo yenye mtego. Mpango mzuri huvunjwa na kitu kimoja kisicho na makao: kifungo, kiatu cha mdoli, kipande cha picha, zawadi ya kwenye pakiti ya biskuti. Mtu anasimama nacho mkononi, anafikiri, anakiweka juu ya televisheni. Kesho kimepata wenzake kumi.

Weka kapu moja dogo, la lita 5 tu, kwa ajili ya vyote hivyo. Jioni hakuna kufikiri. Kisichojulikana kwao kinaingia kapuni. Kapu linamwagwa mara moja kwa wiki na kila kitu kinarudishwa kwao kwa mkupuo mmoja. Kufikiri mara arobaini katika wiki kunageuka kuwa kufikiri mara moja. Kwa maoni yangu, katika mambo yote niliyoandika hapa, kapu hili ndilo linalookoa dakika nyingi kwa fedha kidogo.

Likijaa kabla ya wiki kuisha, linasema jambo: kuna aina ya kitu imezaliwa ndani ya nyumba na haijapewa makao. Ipewe beseni lake, au iondoke.

Kuhusu picha za vipande, dawa ni dakika tano za kalamu. Geuza vipande vyote, andika herufi moja nyuma ya kila kimoja: A kwa picha ya tembo, B kwa ya ramani. Kipande kikikutwa jikoni kinajulikana ni cha wapi. Boksi la karatasi hupasuka pembe mapema. Kata picha ya kifuniko na uiweke pamoja na vipande ndani ya bahasha ya plastiki yenye zipu, saizi A4.

## Mnara ambao haujaisha

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu kuliko kwingine.

Mtoto amejenga mnara kuanzia saa tisa. Saa kumi na mbili anaambiwa arudishe. Kwa mzazi ni vipande vya plastiki. Kwa mtoto ni kazi ya saa tatu, na anaombwa aivunje kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu ni jioni. Akikataa tunamwita mkaidi. Sidhani ni ukaidi. Fundi gani angekubali kubomoa ukuta kila jioni ili uwanja uonekane safi?

Utaratibu unaolazimisha kuvunja utachukiwa, na haki itakuwa upande wa mtoto.

Nyumba itenge sinia moja, lile pana la kupakulia pilau, kwa ajili ya kazi zinazoendelea. Kila mtoto moja. Kilichojengwa juu ya sinia hakivunjwi. Kinanyanyuliwa na sinia lake na kuwekwa juu ya kabati hadi kesho. Mipaka ni miwili: kisichoingia kwenye sinia hakilali, na Jumamosi sinia linaanza upya, baada ya kupigwa picha kwa simu kama mwenyewe anataka. Msingi wa mnara ujengwe juu ya sinia tangu mwanzo, kwa sababu kuhamisha mnara wa sentimita 60 uliojengwa sakafuni hakujawahi kwenda vizuri.

## Vilivyovunjika, na vinavyokuja

Boksi la "nitatengeneza" ni kaburi lisilo na mwisho. Lipewe siku saba. Kabla ya kununua gundi, angalia plastiki yenyewe. Ngumu na yenye kung'aa, kama ya matofali, hushikwa na supa gluu. Ile laini inayoteleza kama nta, yenye namba 2 au 5 ndani ya pembetatu chini yake, haishiki gundi za kawaida. Utabandika Jumatatu na Jumanne gurudumu liko mkononi. Hiyo itobolewe kwa sindano ya moto pande zote mbili za ufa na ishonwe kwa waya mwembamba, ncha zikizamishwa ndani. Kingo zikiwa kali na hazishoneki, kitupwe bila kuwekewa maombolezo.

Vinavyokuja ni suala la heshima zaidi kuliko plastiki. Shangazi aliye Muscat anatuma boksi. Mjomba anarudi kutoka Marekani na begi zima. Huwezi kumwambia mtu aliyejinyima akanunua kwamba nyumba imejaa, na sioni haja ya kumwambia. Mpigie kabla ya sikukuu, mshukuru kwa cha mwaka jana kwa jina lake, kisha mwombe: "Shangazi, safari hii angefurahi na kalamu za rangi, za sasa zimekwisha." Karatasi, rangi, udongo wa kufinyanga, chaki: hivi vinatumika na kwisha. Boksi likija hata hivyo, lifunguliwe lote mbele ya simu shangazi akiona, kisha usiku litawanywe katika mafungu matatu.

## Kabla ya maghrib

Saa ya kukusanya ina uzito kuliko nilivyodhani mwanzo. Baada ya chakula watoto wana usingizi, mwanga ni hafifu, na kila mtu mzima ana kazi yake. Ikiwa kabla jua halijazama, saa kumi na mbili kamili, bado wana nguvu, na vipande vya chini ya kochi vinaonekana. Kuoga kuje baada ya kukusanya, ili kazi moja iite nyingine.

Maneno nayo yapimwe. "Pangeni sebule" haina mlango wa kuingilia kwa mtoto wa miaka minne. "Vigari vyote kwenye beseni la bluu" ina mlango. Likiisha hilo, ndipo jingine. Wa miaka miwili na nusu apewe kitu mkononi na aonyeshwe chombo. Wa miaka sita apewe aina mbili ziwe zake wiki nzima, na asisahihishwe akiweka vibaya. Kitakwenda kapuni na kurudi kwao mwisho wa wiki.

Dada wa kazi na bibi waelezwe wa kwanza, si wa mwisho, na waulizwe beseni likae wapi. Wao ndio wanaopita hapo mara thelathini kwa siku, na wanajua ni kona gani mtoto hupenda kumwagia. Nyumba nyingi hupanga makao ya vichezeo chumbani wakati mchezo wote uko sebuleni, karibu na mtu mzima. Mtoto hachezi penye rafu. Hucheza penye watu. Rafu ndiyo ihame.

Na siku mgeni anapobisha hodi bila taarifa, sakafu ikiwa imejaa, usianze kuchambua. Khanga moja, kila kitu katikati, funga pembe, furushi nyuma ya mlango wa chumbani, karibu ndani. Asubuhi yake furushi linafunguliwa juu ya mkeka na watoto wenyewe, na wanavyofurahi utafikiri ni boksi la Muscat.